Mwekezaji Akijenga Barabara ya Umma Apunguziwe Nini? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mwanza

Mimi ni mkadiriaji majenzi hapa Mwanza. Nimekaa meza moja na wenye viwanja, wahandisi wa serikali na wenyeviti wa mitaa, na maswali ni yale yale, ila kila mmoja huyauliza kwa kuvutia upande wake. Nimeyakusanya hapa. Palipo na maoni yangu utayaona. Palipo na sheria nitataja ni ya nchi gani, maana nyingi zinazozungumzia jambo hili waziwazi si za kwetu.

Hili jambo la "kuhesabiwa barabara" ni lipi hasa?

Unajenga maghala Nyakato, au hosteli Malimbe, au hoteli kwenye mwambao wa Ilemela. Mradi utaleta magari. Mamlaka inakutaka uchangie barabara kwa fedha, au inakutaka utengeneze mwenyewe kipande cha barabara ya umma. Ukikitengeneza, thamani ya kazi ile inakatwa kwenye mchango uliokuwa unadaiwa. Basi. Lengo ni mtu asilipie kitu kimoja mara mbili, mara ya kwanza kwa hundi na mara ya pili kwa kokoto.

Marekani wamelizoea sana kwa sababu miji na kaunti nyingi kule hutoza ada maalumu kwa jengo jipya kutokana na mzigo linaouongeza kwenye barabara. Jimbo la Texas lilitunga sheria yake ya ada hizo mwaka 1987, na ndani yake imeandikwa kwamba mjenzi aliyetakiwa kujenga au kuchangia barabara ya nje ya eneo lake kama sharti la kibali, kazi hiyo itakatwa kwenye ada yake ya barabara. Hasubiri huruma ya ofisa.

Kwani mwekezaji halipi kodi? Kwa nini adaiwe na barabara tena?

Analipa. Hata anayejaza petroli kwenye bodaboda analipia barabara. Tozo ya mafuta ndiyo inayolisha Mfuko wa Barabara, na mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini zinazosimamiwa na wakala wa serikali uitwao TARURA. Lakini fedha hizo zinagawanywa nchi nzima kwa mipango iliyopangwa kabla wewe hujanunua kiwanja. Haziwezi kujua kwamba umeamua kupitisha malori ya tani 30 kwenye njia iliyochongwa kwa ajili ya bajaji. Mzigo mpya una mwenyewe, na swali halali ni ukubwa wake tu.

Barabara ya kutoka lami hadi getini kwangu inahesabiwa?

Hapa ndipo watu wengi wanapokosana, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Jibu langu ni hapana, isipokuwa sehemu inayozidi mahitaji yako. Kipande ambacho bila wewe kisingehitajika, na ambacho anayekitumia ni mgeni wako, mpangaji wako na lori lako, ni gharama ya mradi kama msingi na paa. Kuita barabara ya umma hakuibadilishi. Nimeona michoro ambayo "barabara ya jamii" inaishia kwenye ukuta wa hoteli, hakuna nyumba nyingine mbele wala pembeni, halafu mwenyewe anataka apewe punguzo la kila mfuko wa saruji.

Waingereza wameliweka hili vizuri. Wana tozo ya miundombinu kwa majengo mapya, iliyoanza na kanuni za mwaka 2010, na tangu 2014 mamlaka inaweza kukubali mjenzi ajenge miundombinu badala ya kulipa tozo hiyo kwa fedha. Ila kuna sharti: miundombinu hiyo isiwe ile ambayo mradi wenyewe usingekubalika kimipango bila kuwa nayo. Kama mzunguko wa barabara unahitajika ili magari yako yasiue watu, huo ni wajibu wako na unaujenga kwa gharama yako. Ukijenga kitu kingine kilicho kwenye orodha ya mahitaji ya mji, hicho ndicho kinachoingia kwenye hesabu ya tozo.

Na upande wa pili nao una haki yake. Kama njia iliyopo ilikuwa mbovu miaka kumi kabla hujafika, mashimo yale si yako. Sheria ya California inakataza ada ya mradi mpya kubebeshwa upungufu uliokuwepo tangu zamani. Mwenyekiti wa mtaa anayemwona mwekezaji na kusema "Mungu ametuletea mkombozi, atutengenezee yote" namwelewa, jamani, vumbi la Buswelu wakati wa kiangazi si la kusimuliwa. Lakini ombi lake ni la bajeti ya serikali, na likiwekwa kwa mwekezaji liambatane na kuhesabiwa.

Nipe mfano wa hesabu. Maneno matupu hayanisaidii.

Sawa. Namba hizi ni za kubuni, za kufundishia tu.

Tuseme una mradi wa nyumba 120 na maduka. Kutoka barabara ya lami hadi kwako ni mita 800. Kwa mahitaji ya sasa, ya kwako pamoja na ya wanaopita siku zote, lami ya upana wa mita 6 na mtaro mdogo vingetosha, kwa shilingi milioni 480. Mhandisi wa mamlaka anasema jenga mita 9 na kalavati kubwa, kwa sababu nyuma yako kuna viwanja vilivyopimwa na miaka ijayo watu watajaa. Gharama inapanda hadi milioni 720.

Ile nyongeza ya milioni 240 ni ya watu ambao hawajafika. Inahesabiwa yote. California wana kifungu kinachofanana na hili kwenye sheria yao ya ugawaji wa viwanja: mgawaji akilazimishwa kujenga kikubwa kuliko mahitaji yake kwa faida ya maeneo ya nje, mamlaka lazima iingie naye makubaliano ya kumrudishia tofauti.

Inabaki milioni 480. Mkihesabu magari ya saa ya asubuhi na kukadiria yatakayokuwepo mradi ukikamilika, mnapata 300, na 180 kati yake ni ya kwako. Hiyo ni asilimia 60. Unabeba milioni 288. Milioni 192 ni mzigo wa waliokuwa wakipita hapo tangu zamani, nazo zinahesabiwa. Jumla ya punguzo ni milioni 432.

Sasa mtaalamu wa upande wa mamlaka atakuja na njia yake. Atachukua milioni 720 yote, akubebeshe asilimia 60, yaani milioni 432, na akupe punguzo la milioni 288. Barabara ni ile ile, tofauti ni milioni 144. Nani mkweli? Inategemea ile mita 9 imetokana na nini. Kama imetokana na viwanja vya nyuma, njia ya kwanza ndiyo ya haki. Kama imetokana na malori yako kushindwa kupishana kwenye mita 6, basi haikuwa nyongeza ya mtu mwingine, na njia ya pili inakuhusu. Ukiingia kikaoni bila kujua hili utatoka umepigwa milioni 144 na soda ya bure.

Magari yanahesabiwaje? Bodaboda nayo ni gari?

Mpe kijana daftari, akae kwenye makutano kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 3, na tena jioni, siku za kazi na siku ya gulio. Wahandisi wana viwango vya kugeuza bodaboda, bajaji, daladala na lori kuwa kipimo kimoja. Lori moja la samaki kutoka Mwaloni, Kirumba, halilingani na gari dogo, wala kwa nafasi linayochukua wala kwa jinsi linavyoibonyeza lami. Usihesabu wakati shule zimefungwa.

Sheria ya Tanzania inasemaje?

Kwetu hakuna ada moja ya kitaifa ya aina ile ya Marekani, kwa hiyo hakuna pia kifungu kimoja cha kuikatia. Jambo hili linakuja kwa milango mbalimbali. Unaweza kukutana nalo kama sharti la kibali chini ya Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007. Unaweza kukutana nalo kwenye cheti cha tathmini ya mazingira, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambako msongamano na vumbi ni athari za kupunguzwa. Na unaweza kukutana nalo unapoomba kuunganisha njia yako na barabara ya umma, chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007. Mradi ukiwa mkubwa kiasi cha kuwa ubia, kuna sheria ya ubia wa sekta ya umma na binafsi ya mwaka 2010, ambayo ni safari nyingine na ndefu.

Maana yake ni kwamba huku kwetu kuhesabiwa ni makubaliano. Kile ambacho hakikuandikwa na kusainiwa na mwenye mamlaka hakipo. Angalia pia ni fedha ya nani unayotaka ikatwe. Halmashauri haiwezi kukusamehe kodi isiyo yake. Kodi ya majengo, kwa mfano, tangu 2021 inakatwa unaponunua umeme, na mita haijui kwamba umemwaga lami. Mchango uliowekwa na mamlaka yenyewe kama sharti la mradi ndio unaozungumzika.

Nizungumze na nani, Jiji, TARURA au TANROADS?

Kwanza jua barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala ulioanza mwaka 2000. Za mkusanyo, za mlisho na za jamii ni za TARURA, iliyoanza mwaka 2017. Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela wana mipango ya ardhi na vibali vya ujenzi. Kwa hiyo anayekupa sharti anaweza kuwa mmoja, na anayemiliki barabara mwingine. Barabara ya Musoma inayopita Nyakato na Igoma ni ya TANROADS, lakini ukikata kona mita hamsini tu kuingia mtaani uko kwa TARURA. Saini ya mmoja haimfungi mwenzake. Waketishe wote meza moja hata kama itachukua mwezi.

Nimeshajenga tayari. Naweza kuhesabiwa sasa?

Nitakusimulia. Mteja wangu mmoja, mtu mwema sana, alichoka kusubiri. Msimu wa mvua magari ya mchanga yalikuwa yanazama, akaleta mkandarasi wake, akachonga, akaweka kifusi, akashindilia, akamalizia lami nyepesi, kama mita 400 hivi. Wananchi walimshangilia. Mwaka uliofuata akaomba kibali cha awamu ya pili, akaambiwa achangie barabara. Akasema, "Si nimeshajenga?" Ofisi ile, siitaji, ikamwandikia barua nzuri ya shukrani kwa moyo wake wa kizalendo. Moyo wa kizalendo haukati deni. Hakukuwa na mchoro ulioidhinishwa, hakukuwa na vipimo vya mshindilio, na hakuna aliyejua chini ya ile lami kuna nini. Ile barua ameitia fremu. Kila nikienda kwake naiona.

Kwa hiyo omba, lakini usiitegemee. Kama una mchanganuo wa gharama, stakabadhi, picha za kila tabaka na majibu ya maabara, unaweza kupata kitu. Bila hivyo umetoa sadaka, na Mungu atakulipa.

Gharama inayohesabiwa ni ipi, niliyotumia au iliyokadiriwa?

Ikubalianwe mwanzoni. Ninachopendekeza ni ile iliyo ndogo kati ya makadirio yaliyoidhinishwa na gharama halisi iliyothibitishwa, isipokuwa kazi ya ziada iliyoamriwa na mhandisi wa mamlaka kwa maandishi. Wawekezaji hawanipendi kwa hili. Lakini fikiria mkandarasi ni shemeji yake na bei ya kifusi imepanda mara mbili ndani ya wiki. Mwamba nao upewe kipengele chake. Hapa kwetu unaweza kuchimba mtaro mita tatu ukiwa kwenye udongo, ya nne ukakuta jiwe ukubwa wa nyumba. Usikubali bei moja ya "uchimbaji" kwa mita yote, utalia.

Mitaro, kalavati, taa na njia za miguu vinahesabiwa?

Mtaro kwanza. Anayeijua Mwanza anajua kwamba adui wa barabara hapa si gari, ni maji. Mvua ikipiga kwenye milima ile ya mawe hakuna pa kunywea maji, yanashuka yote kwa pamoja, yanabeba mchanga, taka na kingo za barabara hadi Mto Mirongo na ziwani. Barabara bila mtaro ni mkeka uliotandikwa mtoni. Mimi ningehesabu mtaro na kalavati vinavyopokea maji ya mtaa mzima hata kabla ya lami yenyewe. Na mtaro unaoishia ukutani kwa mama wa watu usihesabiwe hata shilingi, mpaka ufikishwe kwenye njia halali ya maji.

Kwenye miteremko mikali, barabara ya mawe yaliyopangwa mara nyingi inafaa kuliko lami. Mawe tunayo, vijana wanaojua kuyachonga tunao, na ikiharibika inafumuliwa kipande na kupangwa upya. Isidharauliwe kwenye hesabu eti si lami.

Njia ya miguu na kituo cha daladala, ndiyo, kama viko kwenye mchoro ulioidhinishwa. Taa nazo ndiyo, ila muulizane kwanza nani atalipa umeme. Bustani na nguzo za mapambo mbele ya geti, hapana.

Nimetoa kipande cha kiwanja ili barabara ipanuliwe. Ardhi nayo ni mchango?

Kama ni yako kweli. Kwa barabara kuu na za mkoa, Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya barabara, kutoka mita 45 hadi 60, yaani kutoka 22.5 kila upande hadi 30. Huwezi "kuchangia" ardhi iliyokuwa tayari ndani ya hifadhi. Wengi wetu tunazikumbuka zile alama za X zilizopakwa kwenye majengo ya kando ya barabara: nyekundu maana yake uko ndani na huna fidia, ya kijani maana yake barabara imekufuata na unastahili kulipwa. Ardhi ya X ya kijani, ukiitoa bila kudai fidia, ina kila sababu ya kuhesabiwa kwa bei ya mthamini.

Wakinidai kupita kiasi nina utetezi gani?

Marekani suala hili limefika Mahakama ya Juu mara kadhaa. Mwaka 1994, kwenye kesi ya Dolan dhidi ya mji wa Tigard, Oregon, mwenye duka la vifaa vya bomba na umeme alitakiwa kutoa ardhi kwa ajili ya mkondo wa mafuriko na njia ya baiskeli ili aruhusiwe kupanua duka. Mahakama ikasema mji lazima uonyeshe uwiano, walau wa makadirio, kati ya unachodai na athari ya mradi. Mwaka 2024 ikaja kesi ya Sheetz dhidi ya kaunti ya El Dorado, California, ambako mtu aliyetaka kuweka nyumba kwenye kiwanja chake alitozwa dola 23,420 za barabara. Majaji wote walikubaliana kwamba ada haiepuki kipimo hicho eti kwa sababu imewekwa na chombo cha kutunga sheria.

Hukumu zile hazimfungi mtu yeyote hapa Nyamagana. Lakini swali lao unaweza kuliuliza kwa heshima kikaoni: "Waheshimiwa, kiasi hiki mmekipataje?" Mara nyingi kimya kinachofuata kina thamani ya milioni kadhaa.

Nikimaliza, majirani wanakuja kujenga na kuunganisha njia bure. Ni haki?

Si haki, na kuna dawa. Jimbo la Washington lina utaratibu ambao aliyetangulia kujenga barabara huweka mkataba na mji, na wanaojenga baadaye kando ya barabara hiyo humrudishia sehemu yao, kwa kipindi kisichozidi miaka 15 kwa kawaida. Kwetu kipengele kama hicho kingehitaji mamlaka ikubali kukusanya kwa niaba yako, kwa kufunga mchango ule na kibali cha anayekuja. Ukijaribu kudai mwenyewe kwa majirani utaishia kwa mtendaji wa mtaa.

Punguzo likibaki naweza kumuuzia mwingine?

Florida sheria inaruhusu kulihamisha ndani ya eneo lile lile la ada. Hapa, kama mkataba haujasema, hesabu kwamba haiwezekani. Omba angalau litumike kwenye awamu yako ya pili.

Afrika kuna nchi iliyojaribu?

Nigeria. Amri ya Rais ya Januari 2019 iliruhusu kampuni kugharamia barabara na kuzikata kwenye kodi ya mapato ya kampuni. Kampuni ya Dangote ni miongoni mwa zilizojenga barabara kwa njia hiyo. Ile ni kodi ya taifa na kampuni kubwa mno, si mtu mwenye hosteli mbili Malimbe. Na nina wasiwasi nayo kidogo: mwenye fedha ndiye anayechagua barabara ipi ianze, na mara nyingi ni inayokwenda kiwandani kwake.

Mwekezaji aliyejenga anaweza kuweka kizuizi na mlinzi?

Hapana. Akitaka kizuizi, arudishe punguzo.

Ikiharibika ni ya nani?

Wakati wa kipindi cha matazamio, ambacho mara nyingi ni miezi 12 tangu kukabidhi, ni ya aliyejenga. Baada ya hapo ni ya mamlaka, mradi kuna hati ya makabidhiano. Sehemu ya punguzo izuiliwe mpaka mvua za masika zipite juu yake mara moja. Lami nyingi huonekana nzuri mwezi Agosti.

Siku ya kwanza niende na nini?

Hati ya kiwanja, ramani ya eneo, mchoro wa awali wa barabara uliotiwa saini na mhandisi aliyesajiliwa, hesabu ya magari, na mchanganuo wa gharama uliogawanywa mafungu matatu: la kwangu, la waliopo, la wajao. Mkandarasi awe amesajiliwa kwa daraja linaloruhusu kazi hiyo. Usiende na greda. Nimeona mtu aliyefika kikaoni greda likiwa linamsubiri nje kwa kodi ya siku. Alikubali kila kitu.

Je, barabara inaweza kupewa jina la kampuni yangu?

Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 majina ya barabara yamekuwa jambo la vibao na kumbukumbu rasmi, na yanapita kwenye vikao. Peleka pendekezo mtaani kama mkazi mwingine yeyote. Ila lisiingie kwenye hesabu. Nilishaulizwa kibao cha jina kiwekwe kwenye fungu gani la mchanganuo, nikajibu: fungu la geti.